Kibrashi cha kujichukulia sampuli ya HPV nyumbani: kinamfaa mwanamke mhamiaji wa Dar es Salaam?

Ndani ya kifurushi cha kujichukulia sampuli ya HPV, virusi vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, mna vitu vichache tu: kibrashi kwenye pakiti yake iliyofungwa, mfuko wa plastiki wenye zipu na kipande cha kunyonya maji, stika ya jina na tarehe, karatasi ya maelekezo yenye picha, na bahasha ya kurudishia. Hakuna sindano wala damu, na hakuna kulala kitandani miguu imepanuliwa mbele ya daktari usiyemjua. Kwa Mrundi anayeuza matunda Buguruni, au Mkongomani anayesuka nywele Kariakoo, ambaye hajawahi kuchunguzwa mlango wa kizazi kwa kuwa hana kitambulisho, hawezi kufunga biashara siku nzima, au anaogopa maswali ya mapokezi, jambo hilo moja lina uzito kuliko mengine yote.

Tumeangalia vibrashi na vijiti vya aina hii kwa swali moja: vinamfaa mwanamke mhamiaji anayeishi Dar? Jibu letu ni kwamba kifaa chenyewe ni kizuri, tena kizuri sana. Panapovuja ni baada ya sampuli kutoka mkononi mwake. Namba ya simu ya kupokelea majibu ni ya nani? Majibu yataandikwa kwa lugha gani? Na virusi vikionekana, aende wapi? Anayegawa vifurushi kabla hajayapanga hayo anatupa fedha, na anamwachia mwanamke hofu asiyoweza kuifanyia kitu.

Kinachopimwa hasa

Mtaani watu wanasema "kujipima kansa". Si sahihi, na kosa hilo la jina linazaa makosa mengine. Mwanamke anajichukulia sampuli. Anayepima ni mashine ya maabara. Si kama kipimo cha mimba au cha kujipima VVU, ambapo unasubiri mistari ijitokeze ukiwa umekaa kitandani kwako. Na maabara haitafuti saratani. Inatafuta vinasaba vya virusi vya papiloma, yaani HPV, zile aina hatari ambazo zikikaa mwilini miaka mingi huweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Aina ya 16 na ya 18 peke yake zinahusika na takriban asilimia 70 ya saratani hizo duniani.

Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana, watu wengi hukutana navyo, na miili ya wengi huviondoa yenyewe ndani ya miaka 2 hivi. Vile vinavyong'ang'ania ndivyo vya kuogopwa. Tangu maambukizi hadi saratani kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Muda huo mrefu ndio nafasi yetu. Mabadiliko yakigunduliwa mapema mara nyingi yanatibiwa kliniki siku hiyohiyo, na saratani haifiki. Kwa bahati mbaya nafasi hiyo inapotea kwa wengi: makadirio ya mwaka 2020 yaliipa Tanzania wagonjwa wapya 10,241 na vifo 6,525.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 umeweka kipimo cha HPV mbele ya vingine, na unakubali sampuli ambayo mwanamke amejichukulia mwenyewe. Wanawake kwa ujumla waanze wakiwa na miaka 30 na kurudia kila baada ya miaka 5 hadi 10. Wenye VVU, ambao hatari yao ni mara 6 ya wengine, waanze na miaka 25 na kurudia kila baada ya miaka 3 hadi 5. Kipimo cha siki tulichokizoea kwenye vituo vyetu, ambapo mlango wa kizazi unapakwa siki na kuangaliwa kwa macho, hurudiwa kila miaka 3. Kwa mtu ambaye mwaka huu yuko Mbagala, mwakani Kigoma na mwaka wa tatu hajui, kipimo ambacho jibu lake safi linamtosha miaka 5 ni tofauti kubwa.

Swali linaloulizwa kila mahali ni kama mwanamke anaweza kuchukua sampuli vizuri kama nesi. Anaweza, kwa sharti la mashine. Maabara ikitumia njia ya PCR, inayozidisha vinasaba vya virusi mpaka vionekane, sampuli ya kujichukulia hugundua mabadiliko hatari karibu sawa na ile iliyochukuliwa na mtaalamu. Zile njia nyingine za kukuza ishara bila kuzidisha vinasaba hupoteza baadhi ya wagonjwa pale sampuli inapotoka ukeni badala ya kwenye mlango wa kizazi wenyewe. Kwa hiyo kabla ya kununua, muulize mtu wa maabara: mnatumia PCR, na kipimo chenu kimethibitishwa kwa sampuli ya kujichukulia? Akisitasita, tafuta maabara nyingine.

Evalyn Brush

Hiki hutengenezwa Uholanzi na kampuni ya Rovers, na nchi hiyo imekitumia kwenye mpango wake wa taifa tangu mwaka 2017. Ni mrija wa plastiki unaopenya mwanga, una mabawa mawili madogo kwa pembeni, kofia ya pinki upande wa mbele na kisukumio cha pinki upande wa nyuma. Nywele nyeupe za brashi zimejificha ndani.

Matumizi yake ni haya. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa. Bana pande mbili za kofia uivute, na usiguse nywele nyeupe. Panua mashavu ya uke kwa mkono mmoja, ingiza mrija taratibu mpaka mabawa yaguse mwili. Hapo ndipo unapokoma. Shikilia mrija, kisha kwa mkono mwingine sukuma kisukumio cha pinki mpaka usikie "klik". Brashi imetoka na imefika ndani. Sasa zungusha kisukumio mizunguko 5 kamili kuelekea upande uleule. Kila mzunguko ukitimia unasikia klik nyingine, kwa hiyo huna haja ya kukisia. Toa mrija kwa kushika mabawa, vuta kisukumio nyuma ili brashi irudi ndani ya ganda lake, rudisha kofia mpaka ikae sawasawa, tia kwenye mfuko wa zipu. Kwa anayefanya mara ya kwanza ni dakika 5, nyingi zikiwa za kusoma karatasi.

Mabawa na ile klik ndivyo vinavyotufanya tukiweke kifaa hiki cha kwanza. Hofu kubwa ya wanawake ni mbili: "nitaingiza mpaka wapi?" na "kitapotelea tumboni?" Mabawa yanajibu la kwanza kwa kugusa tu, bila kusoma neno. La pili, mwambie ukweli wa mwili: uke una mwisho, unaishia kwenye mlango wa kizazi, na tundu la mlango huo ni dogo mno kwa brashi kupita. Mwenye kitanzi naye anaweza kukitumia.

Tatizo lake ni vyumba vyetu. Maelekezo yamechorwa kwa mtu mwenye bafu lake, lenye taa, sinki na kabati la kuwekea vitu. Nyumba ya kupanga ya Manzese ina choo kimoja kwa familia sita, sakafu ina maji, mlango una kitasa cha waya, na kuna mtu nje anasubiri. Ukishavua kofia ya pinki utaiweka wapi? Ikianguka kwenye sakafu ile, sampuli imeharibika kabla hujaanza. Ushauri wetu: usifanyie chooni. Fanyia chumbani, asubuhi watoto wakiwa shule. Tandika kanga safi kitandani, panga vitu vyote juu yake, kofia ikae mdomo ukiangalia juu. Lala chali magoti yakiwa juu, au simama mguu mmoja ukiwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wengi wanaona kuchuchumaa ni rahisi zaidi, na kunafaa, ila mikono yote miwili lazima iwe huru kwa ajili ya kuzungusha.

FLOQSwab na vijiti vya jamii yake

FLOQSwab ya Copan, kampuni ya Italia, ni kijiti chembamba chenye ncha ya nyuzi laini za nailoni zilizosimama kama manyoya ya zulia. Umbo lake linafanana na vile vijiti vya puani vya wakati wa Uviko, kwa hiyo watu hawakishangai. Kinaingizwa sentimita 5 hivi (baadhi vina alama nyekundu ya kuonyesha pa kushika au pa kuishia), kinazungushwa taratibu kikigusa kuta za uke kwa sekunde 10 hadi 30, kisha kinarudishwa kwenye tyubu yake kikiwa kikavu.

Ni rahisi zaidi kubeba na ni chembamba. Wembamba huo una watu wake. Mwanamke aliyekoma hedhi ambaye uke umekauka anaumia akitumia brashi pana. Mwanamke aliyekeketwa na kushonwa, hali inayokutwa zaidi kwa wakimbizi na wahamiaji wa Kisomali, huenda mrija wenye mabawa usimpite kabisa. Mpe kijiti, na kama nacho kinamuumiza aache. Asilazimishe. Huyo apelekwe kwa mkunga au daktari wa kike anayejua hali hiyo.

Udhaifu wa kijiti ni kwamba hakina kinachokuzuia wala kinachokuhesabia. Mwoga atakiingiza kidogo tu, azungushe mara moja, atoe. Maabara nyingi hupima kwanza kama kuna chembe za mwili wa binadamu kwenye sampuli; zisipotosha, mashine haitoi jibu. Kwa maoni yetu kijiti kinafaa zaidi pale ambapo mhudumu wa afya ngazi ya jamii yuko mlangoni, anaelekeza kwa sauti huku mwenyewe akiwa ndani ya pazia. Kwa mwanamke aliye peke yake na karatasi, mpe Evalyn.

Kuna vifurushi vinavyokuja na chupa ya dawa ya kuhifadhia, ambayo mwanamke anatakiwa kutumbukiza brashi na kuikoroga. Hivyo hatuvipendekezi kwa nyumbani. Dawa inayotumika sana maabara, PreservCyt, ina methanoli, ambayo ni sumu ikinywewa na inashika moto. Chupa ya maji meupe kwenye chumba chenye mtoto wa miaka 2 na jiko la gesi haina mahali salama. Tena inatakiwa isizidi nyuzi joto 30, na chumba cha bati cha Dar mwezi Februari kinapita hapo kabla ya saa sita mchana. Sampuli kavu haina mikosi hiyo, haimwagiki kwenye bodaboda, na hukaa siku nyingi bila friji ilimradi isiwekwe juani. Jambo moja tu: hakikisha maabara inapokea sampuli kavu. Nyingine zimezoea chupa tu, na zitakurudishia.

Siku ya kuchukua

Usichukue ukiwa hedhini. Damu nyingi huizuia mashine. Ukiwa mjamzito usitumie, na uliyejifungua hivi karibuni muulize mkunga kwanza. Siku 2 kabla, usiweke dawa ya fangasi ya kuingiza ukeni, wala krimu, wala jeli. Mjini kwetu lazima tuongeze na mengine ambayo karatasi za Ulaya hazitaji: shabu, limao, magadi, sabuni za kuoshea ndani na zile dawa za kubana zinazouzwa kimyakimya. Vinakwaruza na kukausha uke, vingine vinaweza kuivuruga kemia ya PCR. Waambie wanawake waziwazi, bila kuwaaibisha, maana anayetumia hatajitokeza kuuliza. Kibrashi nacho usikipake chochote, si mafuta ya nazi wala Vaseline, hata kama uke ni mkavu.

Jina na tarehe viandikwe kwanza, kabla ya kunawa. Ukiandika na mikono yenye maji wino unatapakaa, na ukisema "nitaandika baadaye" ndipo sampuli za dada wawili wanaolala chumba kimoja zinapobadilishana. Sampuli isiyo na tarehe hutupwa. Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pakiti, hasa kama kifurushi kimeletwa na mtu kutoka nje kwenye begi.

Na kuna wanawake ambao kibrashi hiki si chao. Anayetoka damu baada ya tendo la ndoa, anayetoka damu na hali hedhi ilishakoma, mwenye uchafu wenye harufu kali au maumivu ya nyonga yasiyoisha: huyo ana dalili, na mwenye dalili hachunguzwi kwa posta. Aende hospitali aangaliwe kwa macho. Kumpa kibrashi ni kumchelewesha. Aliyetolewa kizazi chote pamoja na mlango wake naye hakihitaji, isipokuwa daktari amemwambia.

Maabara

Mashine ambayo tayari ipo nchini kwa ajili ya kifua kikuu, GeneXpert, ina katriji (kikasha cha kupimia) ya HPV. Mtaalamu anaweka mililita 1 ya sampuli iliyochanganywa na dawa, anafunga, mashine inafanya yaliyobaki kwa saa moja hivi. Inatoa jibu la aina ya 16 peke yake, la 18 na 45 kwa pamoja, na la aina nyingine hatari kwa makundi. Ni kipimo cha PCR, kinafaa.

Lakini fanya hesabu kabla ya kuhamasisha mtaa mzima. Mashine ya kawaida ina nafasi 4. Kwa saa 8 za kazi ni sampuli 32 kama umeme haukatiki, kama hakuna hata moja ya kurudia, na kama hakuna sampuli ya makohozi inayosubiri, nayo ipo kila siku. Ukigawa vifurushi 500 Jumamosi moja Temeke, majibu ya mwisho yatatoka wiki nyingi baadaye, na kwa mhamiaji wiki nyingi zinatosha kuhama. Gawa kidogokidogo, kwa kasi ya mashine. Katriji zenyewe zinatakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 28, kwa hiyo maabara isiyo na kiyoyozi cha kuaminika inaharibu mzigo wake yenyewe.

Unapouliza bei, uliza ya vitu vitatu kwa pamoja: kibrashi, kupima, na usafiri wa sampuli. Matangazo mengi yanataja cha kwanza tu. Na kile "kipimo cha HPV cha dakika 15" chenye mistari kinachouzwa mtandaoni kiache. Hakimo kwenye mwongozo, na jibu lake "safi" linaweza kumlaza usingizi mwanamke mwenye virusi. Kifaa chochote unachonunua kwa wingi, angalia usajili wake Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Simu ni ya nani?

Hapa ndipo kazi nzuri yote inaweza kumwagika. Mipango mingi hutuma majibu kwa meseji. Kusajili laini Tanzania kunataka alama za vidole na kitambulisho: namba ya NIDA kwa raia, pasipoti au hati nyingine kwa mgeni. Mhamiaji asiye na karatasi anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, au hana laini kabisa na ametoa namba ya mume, ya bosi, ya mwenye nyumba. Meseji inayosema "HPV: chanya" ikiingia kwenye simu hiyo, mwanamke anaweza kupoteza ndoa, kazi au chumba kabla hajajua kilichoandikwa.

Kwa hiyo maswali ya kumuuliza wakati wa kumpa kifurushi si "namba yako?" tu. Muulize: hii simu inakaa kwako? Kuna mtu mwingine anayeisoma? Tukipiga tuseme tunatoka wapi? Meseji iandikwe "Majibu yako yapo tayari, tafadhali fika" au apigiwe saa aliyochagua mwenyewe. Asiye na simu apewe kadi yenye namba ya sampuli bila jina la ugonjwa, na siku ya kurudi kwa mhudumu yuleyule aliyempa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu wanaokusanya taarifa za afya, na mwanamke asiye na kibali cha kuishi ana haki ya kuelezwa kwamba jina lake haliendi Uhamiaji. Asipoelezwa, ataandika jina la uongo, na siku ya kumtafuta hapatikani.

Meseji peke yake haitoshi hata kwa wenyeji. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Kilimanjaro ulituma meseji za kuwakumbusha wanawake waliokutwa na HPV warudi kuchunguzwa. Meseji hizo za upande mmoja hazikuongeza wanaorudi. Mtu wa kumpigia, kumsikiliza na kumsindikiza siku ya kwanza anafanya kazi ambayo meseji haiwezi.

Kuhusu lugha, karatasi za Kiswahili zipo, ila nyingi ni Kiswahili cha ofisini. "Mlango wa kizazi" hausemi kitu kwa asiyewahi kuusikia. Mkongomani aliyesoma anasoma Kifaransa, na Kiswahili cha Lubumbashi si cha Ilala. Mrundi anataka Kirundi. Ile picha ya nyonga iliyokatwa kwa upande, inayopendwa na wachoraji wa vitabu vya afya, asiyeizoea anaona maumbo tu. Kinachoeleweka haraka ni kibrashi halisi cha kuonyeshea, na mkono wa mhudumu uliokunjwa ngumi kuwa mfano wa uke: anapitisha mrija kati ya vidole, mabawa yanagonga, klik, anahesabu mpaka 5. Dakika 2 na hakuna aliyesoma. Mipango inayookoa fedha kwa kufuta maonyesho haya huzilipa tena kwa sampuli mbovu.

Majibu yakiwa na virusi

Maneno ya kwanza ya kumwambia yawe mafupi: "Mama, hii si saratani, na si VVU. Ni virusi vya HPV vimeonekana. Tunataka kuuangalia mlango wa kizazi." Lile la VVU lazima lisemwe, maana herufi zinafanana na watu wanazichanganya. Na kwa kuwa virusi hukaa kimya miaka mingi, jibu halisemi nani alimwambukiza nani wala lini. Liseme hilo hata asipouliza.

Sampuli ya kujichukulia haiwezi kuonyesha mlango wa kizazi ukoje, kwa hiyo mwenye virusi lazima afike kliniki mwenyewe. Hili lisemwe siku ya kupewa kifurushi, si siku ya majibu. Pale anawekewa spekulamu, kifaa cha kupanulia uke, mlango wa kizazi unapakwa siki maalumu ya asilimia 3 hadi 5, na baada ya dakika moja hivi sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Ikiwa inafaa, inachomwa papo hapo kwa kifaa chenye joto la nyuzi 100 au zaidi kwa sekunde 20 hadi 30. Kinachochomwa ni kidogo, maumivu ni kama ya hedhi, na anarudi nyumbani kwa miguu yake. Eneo likiwa kubwa au la ndani, linakatwa kwa waya wa umeme, au anapewa rufaa. Kwa saratani yenyewe, rufaa ya jiji hili inakwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Aliyetibiwa anapimwa tena HPV baada ya miezi 12. Aliyekutwa na virusi lakini mlango wa kizazi ni mzima anarudia baada ya miezi 24, au 12 kama ana VVU. Miezi hiyo ni mingi kwa mtu anayehamahama, na faili la kliniki halihami naye. Mpe karatasi ya kusafiri nayo, iliyotiwa plastiki, yenye mambo manne: tarehe, jina la kipimo, aina ya virusi iliyoonekana, tiba aliyopewa. Iandikwe Kiswahili upande mmoja, Kifaransa au Kiingereza upande wa pili. Daktari wa Bujumbura au Nairobi ataanzia hapo badala ya kuanza upya. Katika vifurushi tulivyoviangalia hakuna kimoja kilichokuwa na karatasi hiyo, na ingegharimu kidogo kuliko ile bahasha.

Kwa ndugu walio ng'ambo

Wasomaji wengi wana dada au shangazi Ulaya, Marekani au Australia ambaye amepokea bahasha na kuiweka juu ya friji. Huko wahamiaji ndio wanaochunguzwa kidogo kuliko wenyeji, kwa sababu zilezile za hapa: lugha, aibu ya kuvuliwa mbele ya daktari mwanamume, zamu za kazi, karatasi. Australia iliruhusu wanawake wote wa umri wa uchunguzi kuchagua kujichukulia sampuli kuanzia tarehe 1 Julai 2022. Marekani iliidhinisha sampuli ya kujichukulia ndani ya kliniki mwezi Mei 2024, na kifaa cha nyumbani, Teal Wand, mwezi Mei 2025. Uingereza ilitangaza mwaka 2025 kwamba wanawake waliochelewa kuchunguzwa wataletewa vifurushi kuanzia Januari 2026. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba wanaopewa nafasi ya kujichukulia hujitokeza karibu mara 2 ya wanaoitwa kliniki tu.

Mpigie kwa video, afungue kifurushi mbele yako, msome maelekezo pamoja kwa lugha ya nyumbani. Mwambie aangalie kwanza kama anwani iliyo kwenye barua ni anakoishi sasa, kwa sababu majibu yatakwenda hapohapo. Asikisafirishe kibrashi kuja Dar wala asitumie cha Dar akiwa huko: stika yenye mistari kwenye kifurushi imeunganishwa na jina lake kwenye mfumo wa nchi ile, na maabara nyingine itapokea sampuli isiyo na mwenyewe.